Malalamiko Dhidi ya Goti la Mama Mkwe

Kwako Mama Mkwe,

Shikamoo. Natumaini u mzima, isipokuwa goti, ambalo ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Kama ujuavyo, mimi ni mtabiri wa hali ya hewa. Kazi hii nimeisomea, nina mitambo, na kila asubuhi nasikika redioni. Hata hivyo mtaa mzima, kabla ya kuanika nguo, hutuma mtu kwako kuuliza goti limeamkaje. Kwa heshima zote, naomba kulalamika:

1. Jumatatu iliyopita nilitangaza jua. Goti likauma. Mwanao, mke wangu wa ndoa, alinisikiliza redioni hadi mwisho, akaizima, akaenda kuanua nguo. Mvua haikunyesha. Nilipomuuliza akasema, "Si imenyesha kwingine!" Mimi nikikosea ni mwongo. Goti likikosea, mvua ndiyo iliyopotea njia.

2. Goti sasa limeajiri wasaidizi. Kuna sisimizi wanaohamisha mayai nyuma ya jiko lako, na paka wa fundi cherehani anayenawa uso akiwa ameuelekea mlango. Hakuna hata mmoja mwenye cheti, na wote wanaaminiwa kuliko mimi.

3. Juzi mkuu wangu wa kazi, msomi wa kutajika, alishika kalamu aidhinishe utabiri wangu, akasita, akaniuliza, "Hivi mkweo mguu wake leo ukoje?" Mama, niliumia. Nilitoka nikakaa ngazini, chai ikanishinda.

Kwa kuwa nakupenda, sina nia ya kulishtaki. Nimekuwekea miadi kwa daktari wa mifupa, Jumanne asubuhi, gharama zote juu yangu. Likipona, wewe utapumzika, nami nitabaki mtabiri pekee katika ukoo. Nakusihi usilete visingizio. Umeteseka vya kutosha, na mimi nimeteseka zaidi.

Nisalimie mashemeji wote, majirani, na hao sisimizi.

Wako mtiifu,
Mkweo, Mtabiri (mwenye cheti)

Nilisahau: Jumatano fundi anakuja kuezua paa letu lote. Utabiri wangu unasema jua kali, lakini aliyeuandika namjua. Kwa hiyo Jumanne usiende kwa daktari. Miadi nimeisogeza hadi tumalize kuezeka. Tafadhali usilikande wala usilipake dawa. Jumanne jioni, mwanao asijue, nitapita mwenyewe kuliamkia.