Yahusu Goti la Mke Wangu na Ruhusa ya Kupanda Dungu

Muhidini Dadi,
Karani Mstaafu, Chama cha Ushirika,
Maparoni, Delta ya Rufiji.
Mei, 1994

Kwa Daktari Kudra,
Chumba cha Mifupa.
(Kwa mkono wa nahodha Twalibu)

Ndugu Daktari,

Assalaamu alaykum. Natumai barua hii itakukuta buheri wa afya, magoti yako yote mawili yakiwa salama. Mie sijambo kidogo. Nasema kidogo kwa sababu tangu tuliporudi kutoka kwako nyumba yangu haina amani, na chanzo ni wewe. Nalisema hili kwa heshima zote, maana umri wako ni sawa na wa binti yangu mkubwa, na ulitupokea vizuri, hata kiti ukanipa mimi nisiyeumwa.

Utamkumbuka mke wangu, Bi Sikujua, yule aliyekataa kupanda kitanda chako mpaka umshike mkono, kisha akakusema kwamba mikono yako ni ya baridi na huenda huli vizuri. Ulimpiga picha goti la kulia, ukaiinua dirishani, ukatueleza bila haraka. Ulisema kwenye ncha za mifupa kuna gegedu, lile linalozuia mfupa usisage mfupa. Kwa watu wengi hulika taratibu, miaka na miaka, ila la Sikujua linalika mbio, na yapo mambo yanayolikimbiza. Ukayataja kwa vidole: mwili mzito, goti kuumia zamani, vikachanika vile vibao laini vya ndani, maji na uvimbe, na gegedu lenyewe kuwa limekwisha kuchimbika tayari. Nikakuuliza, na umri je? Ukatabasamu, ukasema umri peke yake siyo unaolikimbiza. Daktari, tabasamu lile limeniponza.

Wewe ulidhani unataja maradhi. Mke wangu alikuwa anasikiliza mashtaka. Hatujafika hata nusu ya safari, tumo ndani ya mashua ya Twalibu, alikwisha kuyageuza yote yakanielekea mimi, na abiria wote wakisikia. Kwa hiyo naleta malalamiko yangu kwa mpangilio, kama tulivyozoea kwenye ushirika, enzi hizo ushirika ukiwepo.

1. Kuhusu mwili. Hapa umenivua nguo mbele za watu. Huku kwetu mwili wa mke ndio cheti cha mume. Nilipomwoa kwao Kiongoroni alikuwa mwembamba, na kaka zake walinikabidhi kwa neno moja: mlishe. Nikajitahidi, lakini ilikuwa miaka ya foleni. Sukari ya mgawo, mafuta ya kupikia unayasikia kwa watu, na Sikujua alikuwa akipanda ngazi kama kima. Likaja soko huria. Duka la Bwana Fazal pale Kibiti, ambalo kwa miaka lilikuwa na viberiti, chumvi na Bwana Fazal mwenyewe, likajaa hadi mlangoni: madumu ya mafuta, magunia ya sukari, unga wa ngano, maziwa ya kopo yenye picha ya ng'ombe mnene kuliko wote niliopata kuwaona. Nami nikanunua. Ningefanyaje? Mtu amekaa na kiu miaka yote hiyo, halafu unamfungulia bomba unamwambia anywe kwa kiasi? Sikujua akakaanga maandazi, akanawiri, akapendeza. Shemeji zangu wakaja, wakamtazama, wakanipa mkono kwa mikono miwili.

Leo unasema apunguze, na huyo amepunguza! Chai anakunywa kavu, maandazi kayapiga marufuku, bangili yake ya harusi inamcheza mkononi. Juma lililopita kaka yake Bushiri kaja na kapu la samaki wakavu, kalitua mlangoni, kaniuliza kwa upole kama mwaka huu mpunga umekataa. Kwa upole, Daktari! Bora angenitukana. Basi kama kuna mwenye kosa la uzito, ni hao waliofungua soko bila kuyauliza magoti yetu. Waandikie wao.

2. Kuhusu kuumia zamani. Ulimwuliza: mama, uliwahi kuumia goti hili? Swali gani hilo la kumwuliza mwanamke mbele ya mumewe?

Wewe ni mtu wa bara, nikueleze. Mpunga ukianza kukomaa sisi huhamia shambani kuamia ndege, yaani kuwafukuza kwa makelele na kombeo tangu alfajiri mpaka jua lizame. Tunakaa kwenye dungu, kibanda kilicho juu ya nguzo ndefu, na kupanda ni kwa ngazi ya miti. Mwaka mmoja, watoto wakiwa bado wadogo, waliingia nguruwe pori shambani. Sikujua hakungoja ngazi. Aliruka toka juu na mwiko mkononi, akawakimbiza mpaka mtoni, akarudi anachechemea na kucheka. Hadithi hiyo nimeisimulia mimi mwenyewe kila baraza kwa miaka yote, kumsifu mke wangu. Sasa haisimuliwi hivyo tena. Sasa watu wanauliza, kwa nini aliruka yeye, na mwanamume alikuwa wapi?

Nilikuwepo. Nilikuwa nimepumzisha macho. Sikulala, na ushahidi ni kwamba nakumbuka vizuri nguruwe alikuwa mmoja. Hapo juu nimeandika waliingia kwa kuwa ndivyo anavyosimulia yeye na kalamu imezoea. Sikujua anashikilia kwamba walikuwa watatu. Tumebishana kwa hilo tangu siku ile, na sitakubali, maana nikikubali watatu nitakuwa nimekubali kwamba wawili walipita nisiwaone.

3. Kuhusu maji na uvimbe. Uliamuru asichuchumae, asibebe ndoo, asipande ngazi. Vizuri sana. Lakini hukusema kazi hizo afanye nani, na watoto wetu wote wameshika njia zao. Daktari, mimi ni karani. Nimewahi kukaa meza moja na maofisa. Leo nakwenda kisimani na ndoo, na wanawake wananipisha nichote kwanza, kwa heshima ile wanayompa mfiwa. Nakuna nazi. Nimekaa juu ya mbuzi na kikoi changu, na Sikujua yuko pale kwenye kiti, mguu kauweka juu ya kigoda kama ulivyomwelekeza, ananiambia tui langu jepesi. Na kwa kupanda na kushuka huko, goti langu la kushoto limeanza kulia kama mlango wa ghala. Sasa niambie: umetibu goti moja, umeharibu jingine. Hesabu hiyo hata ushirika wetu usingeipitisha, na ushirika wetu ulipitisha mengi.

4. Kuhusu umri. Hili limevuka nyumba yangu, limefika kijijini. Pale kwenye baraza la msikiti tunakaa wazee, kila mmoja na goti lake, na wote tulikuwa tumekubaliana ni uzee. Uzee una heshima yake. Mtu akikuona unanyanyuka kwa kushika ukuta, anakuachia njia, anakuitia mtoto umtume, na hakuna anayekupa jembe. Sikujua kawaambia wake zao kwamba daktari msomi kasema siyo umri. Loo! Mwenyekiti wa kijiji naye kapata habari, katangaza kwamba mzee ambaye goti lake halina maji ndani aje azibue mfereji. Tunazibua hadi sasa. Wazee wenzangu hawanisemeshi mpaka leo, wananitazama kama mimi ndiye niliyekwenda kusomea udaktari. Na nyumbani nikijaribu kumwambia mke wangu, mama watoto, tulia, tumezeeka, ananijibu nimezeeka mwenyewe.

5. Hili la mwisho hukulitaja wewe, lakini limetokana nawe. Ndege wamekuja.

Tangu tuoane tunapanda dungu wawili. Yeye hukaa upande wa mto, mimi upande wa mikoko. Akiita, naitikia. Nikiita, anaitikia. Ndivyo ndege wanavyojua kwamba shamba lina watu kila upande. Tena kule juu hakuna mgeni wala jirani wala mtoto anayelia njaa. Mambo yetu yote makubwa tumeyazungumzia kule, na upuuzi wetu wote pia. Mwaka huu nimepanda peke yangu. Nikaita. Ndege wakaruka kidogo, wakasikiliza, wakarudi kula. Nikaita tena. Daktari, mtu mzima kuita shambani na asiitikwe na mtu ni jambo baya, sikulijua. Nalisema hili kwa sababu ya mpunga tu, usije ukafikiria vingine.

Kwa kuyazingatia hayo, naomba kwa unyenyekevu ufanye haya yafuatayo.

Kwanza, uje Maparoni kwa mashua, usimame mbele ya baraza, utamke kwa kinywa chako kwamba unene wa Bi Sikujua umeletwa na soko huria, na mumewe hana hatia.

Pili, umri urudishwe mara moja miongoni mwa mambo yanayokimbiza gegedu, angalau kwa wakazi wa delta, na angalau mpaka mfereji utakapomalizika.

Tatu, na hili ndilo kubwa, umwandikie mke wangu ruhusa ya kupanda dungu msimu huu. Msimu mmoja tu. Ndege hawangoji uvimbe ushuke. Kama gegedu limekwisha kuchimbika kama ulivyosema, sioni ngazi itaongeza nini.

Wasalimie wauguzi wote, hasa yule aliyetuelekeza choo. Msalimie mpiga picha, mwambie picha ya goti tumeitundika ukutani na wageni wanaisifu. Ukipita dukani kwa Bwana Fazal msalimie pia, ila usimwambie kwa nini siku hizi sinunui sukari, atahuzunika. Bi Sikujua anakusalimu na anauliza kama sasa unakula.

Wako mtiifu mwenye malalamiko,
Muhidini Dadi

Tanbihi: Injini ya mashua ya Twalibu imegoma, kwa hiyo barua hii imelala kwangu siku mbili, na mambo yamebadilika.

Niliisoma kwa sauti, kama kawaida yangu nikiandika jambo la kiofisi, na Sikujua alikuwa anasikia. Nilipofika ombi la tatu alinyanyuka, akajifunga kanga kiunoni, akashika njia ya shamba. Nikamfuata nikidhani anatania. Akatanguliza mguu mzima kwenye ngazi, halafu akauleta ule mwingine. Hakulia, hakusema aah. Aligeuka tu akanitazama na kunichekea, na usoni hana damu hata tone. Nikamshika kanga nikamshusha. Yeye amenisema njia nzima kwamba mimi mwoga. Mie nilikuwa nalia, Daktari, na sioni haya kukuandikia.

Usimruhusu. Futa maombi yote matatu. Akija mwenyewe kukubembeleza, na atakuja, maana namjua, mkatalie kabisa, na useme ni amri ya hospitali, mimi usinitaje.

Dungu nimelikata miguu. Sasa liko chini hivi kwamba mtu anaingia kama anavyoingia jikoni. Kijiji kizima kinaliita banda la kuku, mbuzi wa jirani anaingia bila hodi, na ndege wakituona ndani hata hawashtuki. Mpunga mwingi watakula wao mwaka huu. Basi wale.

Jana nilikaa upande wangu nikaita, kujaribu tu. Akaitikia upande wa mto, sauti ile ile. Kisha akapaza tena kuuliza, nguruwe walikuwa wangapi?

Tafadhali rekebisha pale kwenye namba mbili. Walikuwa watatu.