Watu wa Raha Waliokimbiza Kitongoji

Mjini Baraka, tarehe 11 Januari

Kwa Alida Nibigira, ndugu yangu wa tumbo moja, huko Kanada
Yahusu: Malalamiko juu ya kwenda kulala mlimani bila sababu

Mdogo wangu mheshimiwa,

Nakuandikia kwa kalamu, maana kwenye simu unacheka kabla sijamaliza, na jambo hili halina kicheko. Naandika kama kaka yako mkubwa, kama mwalimu wa darasa la sita, na kama mtu aliyebeba jiko lako la gesi mpaka juu ya mlima. Mume wako, shemeji Vainqueur, alisema ni jepesi. Yeye alikuwa amebeba kofia.

Natumaini mlifika salama na mnaendelea kulala vitandani. Sasa malalamiko.

1. Neno lenyewe. Jumatano ile uliingia sebuleni ukatangaza, "Mama, Ijumaa twende wote kambi, tulale huko!" Mama ana miaka sabini na mbili. Neno kambi analijua kukushinda. Wewe ulikuwa mgongoni mwake tulipovuka ziwa kutoka Burundi, na kabla hujajua kusoma alikuwa amekulaza chini ya shitingi, yale maturubai ya plastiki, katika kambi tatu. Hakuuliza lolote. Alisema, "Sawa, mwanangu," akaingia chumbani.

Alitoa godoro, akalifunga kamba. Akatia vyeti vyetu vya ubatizo ndani ya mfuko wa plastiki, mfuko ndani ya sufuria, sufuria ndani ya kitenge. Kisha akavuka uwanja hadi kwa jirani yetu Zubeda, akamkabidhi kuku wake watano. "Tukirudi utanirudishia," akamwambia. "Tusiporudi, kula na batoto." Zubeda alilia sana. Jioni ile ile akachinja mmoja, kwa huzuni.

Wewe ulipiga picha ya godoro, ukasema Mama anapenda starehe.

2. Mwendo. Tuliondoka alfajiri, watu tisa, kila mmoja na mzigo, Mama katikati. Nakuuliza wewe uliyesoma: tangu lini hapa kwetu watu tisa wenye godoro wanapandisha mlima, hawaendi shambani, hawaendi msibani? Katika shamba la kwanza la mihogo mama mmoja alisimamisha jembe.

"Munakimbia nini?"

Ukamjibu kwa furaha, "Hatukimbie kitu, mama! Tunaenda tu kulala kule juu!"

Alida, hilo ndilo jibu la watu wanaokimbia. Kila aliyewahi kukimbia alijibu hivyo njiani, ili hofu isiwaenee wengine wakaziba njia. Yule mama alimfunga mtoto mgongoni, akatufuata. Jembe alilisahau.

3. Kitongoji. Ulipokuwa ukiwagawia watoto biskuti, pale kwenye nyumba kumi na tano za njia ya Bibokoboko, shefu wa kitongoji, mzee Henri, alinivuta kando.

"Mwalimu, unambie ukweli. Kumeharibika wapi? Iko Baraka?"

Nikasema Baraka kumetulia.

Akatazama godoro. "Na mama muzee anatembeya na godoro juu ya utulivu?"

Ningemwambia nini? Kwamba dada yangu amepanda ndege tatu, akavuka bahari, ili aje alale chini? Angejua namficha jambo kubwa zaidi. Niliinua jiko, nikaendelea na njia. Akapuliza filimbi ya hatari.

4. Kule juu. Saa kumi jioni tulikuwa tumesimamisha mahema yako mawili, na nyuma yetu walikuwa wamefika watu sitini na mmoja, pamoja na mbuzi, na fundi mmoja aliyebeba cherehani kichwani. Ukamwambia shemeji, "Ona namna watu wa huku wanavyopenda wageni!"

Hukuona kwamba hakuna aliyewasha moto. Hukuona kwamba akina mama waliwawekea watoto mikono mdomoni. Wewe uliwasha moto mkubwa, ukaanza wimbo wa kwaya. Ndipo akaja Adolphine, yule mwenye mimba ya miezi minane, akapiga magoti mbele yako.

"Dada, zima, tunakuomba. Batatuona."

"Nani?"

"Bale bantu munakimbia."

Niliuona uso wako. Kwa dakika ile sikukulaumu kwa kitu chochote.

Ulisimama, ukawaeleza wote kwamba mmekuja kwa raha tu. Shefu Henri akalirudia lile neno polepole, kama mtu anayeonja chumvi. "Raha. Munaacha kitanda?"

"Ndiyo, shefu."

"Munatembeya siku muzima?"

"Ndiyo."

"Munalala chini. Na hakuna mwenye anabafukuza?"

"Hakuna."

Adolphine ndiye aliyeanza kucheka, ameshika tumbo kwa mikono miwili. Halafu fundi. Halafu mlima mzima. Mimi pia nilicheka, lakini hilo lisikupe moyo.

5. Hawakurudi nyumbani. Walisema giza limeingia, na kwamba hawajawahi kukimbia bila kufukuzwa, kwa hiyo hawataki kuharibu nafasi. Walipika kila kitu walichobeba. Watoto wao walilala katika mahema yako. Mvua iliponyesha, wewe na shemeji mlikuwa chini ya mti pamoja na mbuzi, na mimi nilikuwa nanyi, nimekumbatia jiko.

6. Mama. Hili ndilo zito, na ningeliandika la kwanza kama ningeweza.

Asubuhi mvua ilikuwa imeosha hewa. Hapa Baraka rasi ya Ubwari inatuziba. Ukitazama ziwa unaona Ubwari tu. Kule juu nilimkuta Mama amesimama peke yake, amejifunga kitenge, anatazama ng'ambo ya Ubwari, ng'ambo ya maji, ambako kulikuwa na milima mingine.

"Ile ni Rumonge, kwetu?" akaniuliza.

"Ndiyo, Mama."

Unakumbuka tulipokuwa watoto, tukilia turudi nyumbani, alituambia ni mbali, miguu yenu haitafika. Miaka thelathini alisema hivyo. Sasa alitazama muda mrefu, akasema, "Kumbe hapa tu."

Akaketi kwenye majani yenye maji, akalia, hakufunika uso, mbele ya shefu na watu wote. Adolphine alikuja akaketi karibu naye. Wewe uliinua simu, ukaishusha. Hilo pia niliona.

Tangu siku ile Mama hasemi tena "kule mbali." Anasema "kule." Anataja mto, anataja jina la ng'ombe wa baba yake, wakati tunakula. Mimi nilikuwa nimeizoea ile mbali, Alida. Ilikuwa inanisaidia. Hukuniuliza kama nataka uje uiondoe.

Kwa hayo yote nakuomba uandike barua ya kuomba radhi kwa kitongoji kizima, maana walipoteza siku mbili za kulima. Usirudi tena hapa na hema la aina yoyote. Na ujifunze kupumzika kama watu wengine, yaani kukaa kwenye kiti na kuuliza chakula kiko wapi.

Msalimu shemeji na kofia yake. Wasalimu watoto, na majirani zenu wa huko, hata wale unaosema hujui majina yao. Mama anakusalimu. Zubeda anakusalimu, lakini hanitazami usoni. Darasa la sita linasalimu Kanada.

Ni mimi kaka yako, bado sijapoa,
Pierre-Claver Ndikuriyo, mwalimu

N.B. Nimefungua bahasha tena. Leo baada ya misa shefu Henri ameshuka na wajumbe wanne kuuliza mtakimbia tena lini. Wao wanapendekeza Pasaka, na safari hii wanataka kujulishwa mapema ili fundi aache cherehani nyumbani. Adolphine amejifungua msichana, wamemwita Raha. Wameunda kamati, Mama ni prezida, na kwa kuwa walihitaji mtu wa kuandika, nimekubali kuwa katibu. Kwa hiyo ile barua ya radhi usiiandike. Lete mahema manne. Ukimweleza Mama kwenye simu, usiseme ni mimi niliyeomba.