Mameneja Saba, Sketi Mia Tatu

Jumatatu, 3 Machi
Siku kubwa! Bosi ametangaza kwamba karakana yetu ya sare za shule imekua, na amechoka kukimbiliwa na kila mtu hata kwa sindano iliyovunjika. Anataka mpangilio: nani juu, nani chini, nani anaripoti kwa nani. Akauliza nani ana mwandiko mzuri, achore chati. Mkono wangu ulikuwa juu kabla hajamaliza. Mimi ni mtunza stoo tu, kazi yangu vifungo, zipu na uzi. Lakini mwenye kalamu hajiandiki chini.

Ipo sababu nyingine. Mwaka jana nilimwambia mama mkwe kwamba mimi ni Meneja Mkuu. Jumamosi anakuja, na anataka kuiona ofisi yangu. Mke wangu anaujua ukweli. Amenipa siku tano: nipande cheo, au nimweleze mama yake mwenyewe.

Jumanne, 4 Machi
Tuko wanane chini ya Bosi: washonaji wanne, mkata vitambaa tunayemwita Sentimita, mpiga pasi, mfagiaji na mimi. Nimejichora juu ya wote, sanduku pana. Meneja Mkuu. Bosi akasema sawa, mradi wenyewe wakubali. Wenyewe! Tangu lini wenyewe wakaulizwa?

Bandu bandu huisha gogo. Nilianza na mpiga pasi. Nikamwambia akikubali kuwa chini yangu, atakuwa Meneja wa Pasi. Akakubali hapo hapo, akaomba na kiti. Washonaji nikawagawia: Meneja wa Sketi, wa Mashati, wa Kola na wa Mifuko. Sentimita akawa Meneja wa Mkasi. Mfagiaji peke yake alikataa. Alisema ana sakafu ya kufagia, nimpishe. Wengine hata uwabebe mgongoni hawataki kwenda mbele.

Jumatano, 5 Machi
Sentimita ametoa tepu yake, akaipima chati. Analalamika sanduku lake liko sentimita nne chini ya langu, na nusu sentimita chini ya la mpiga pasi. Nikamvisha kilemba cha ukoka, nikamwambia bila mkasi wake karakana hii ni ghala tu. Akasema hilo analijua, anataka sentimita zake. Nikampandisha tatu. Roho imeniuma mpaka sasa.

Bosi ametia sahihi, akasafiri kwenda kununua vitambaa. Nimempigia simu mama mkwe. Aje Jumamosi saa nne, Meneja Mkuu atakuwepo.

Alhamisi, 6 Machi
Siku ya kwanza ya uongozi. Nimekaa. Washonaji nao wamekaa. Saa tano nikauliza mbona cherehani ziko kimya. Meneja wa Sketi akasema anasubiri watu wake. Meneja wa Kola akasema meneja hashoni, anasimamia. Nikauliza anasimamia nini. Akasema hata yeye angependa kujua, amesubiri maelekezo yangu tangu asubuhi. Sentimita hakukata kitu. Alikuwa anapanga ratiba ya kukata.

Sketi mia tatu zinatakiwa Jumamosi mchana. Iliyoshonwa leo: moja. Ameishona mfagiaji, alipochoka kutusikiliza. Sikujua kama anajua kushona. Hakuna aliyewahi kumuuliza.

Ijumaa, 7 Machi
Bosi amerudi. Ameitandaza chati mezani, akamuuliza kila meneja ana watu wangapi chini yake. Hakuna. Hakuna. Hakuna. Zamu yangu ilipofika nikasema sita, kwa fahari. Akauliza hao sita jana walifanya nini. Nikajikaza kisabuni.

Chati ameichana mara nne. Washonaji kwenye cherehani, Sentimita kwenye mkasi, wote waripoti kwa mfagiaji, maana ndiye pekee aliyefanya kazi bila cheo. Funguo za stoo kazichukua mwenyewe Bosi. Mimi nimepewa ufagio. Nikauliza kama hii ni adhabu au uhamisho. Akasema nichague mwenyewe. Nimechagua uhamisho.

Jumamosi, 8 Machi
Washonaji walikesha, sketi zikaisha saa tano na nusu, sina mchango wowote. Mama mkwe alifika saa nne kamili, amependeza kama anakwenda harusini. Alinikuta nimepiga magoti chini ya meza, naokota vipande vya nyuzi. Akauliza ofisi ya Meneja Mkuu iko wapi. Sentimita akauweka mkasi chini ili asikose hata neno. Aibu ilinishika kwelikweli. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Msimamizi mpya akaja, akamwamkia mama kwa heshima, akamwambia mimi nimeanza jana kwenye sakafu, na angalau kona nazifikia.  Mama mkwe akasema mume anayefagia atamfaa binti yake kuliko meneja, na kuanzia kesho nifagie na nyumbani. Mke wangu, aliyekuja naye, alicheka mpaka akakaa chini.

Jumapili, 9 Machi
Nimefagia nyumba nzima, na huku nafagia nimewaza. Mfagiaji alitoka kwenye ufagio moja kwa moja hadi usimamizi. Aliwaruka washonaji wanne, mpiga pasi, na Sentimita na tepu yake! Kwa hiyo ufagio ndiyo njia fupi ya kupanda cheo, na kwa sasa anao mtu mmoja tu karakana nzima. Wenzangu wamelala, hawajaligundua hilo.

Mchana nilimvuta mama mkwe pembeni, nikamnong'oneza kwamba ufagio niliuomba mwenyewe, kimkakati. Mwezi ujao nitakuwa Mkurugenzi. Akasema basi atakuja kuona. Nimeshamchagulia siku.