Makosa ya Chumba Kizima kwa Jina Langu

Ndugu Mkuu wa Kitengo cha Kompyuta,

Natumaini barua hii itakukuta mzima huko ghorofani, wewe pamoja na seva yetu, ambayo nasikia imefungiwa kiyoyozi kabla ya wodi ya watoto. Sina kinyongo nayo. Mimi ni msajili wa wagonjwa, dirisha la kwanza, mapokezi. Yule mama aliyepiga makofi kuliko wote siku ulipotutangazia kwamba kumbukumbu za mfumo, zile ambazo mafundi wako huziita logi, hazitarundikwa tena pamoja, bali kila mtumiaji atakuwa na zake. Nilifurahi kweli. Nilijua sasa mbivu na mbichi zitajulikana.

Leo naandika kwa uchungu. Ijumaa nimeitwa mbele ya kamati ya nidhamu, ambako inapendekezwa nihamishiwe usajili wa chumba cha maiti, kwa maelezo kwamba huko hata nikikosea hakuna wa kudhurika.

Nieleze kwanza utaratibu wetu. Chumbani kwetu anayewahi kufika hufungua madirisha, hubandika maji ya chai, kisha huwasha kompyuta zote na kuzifungulia mfumo, ili wenzake wakifika wakae tu na kuanza kazi. Ni ustaarabu. Anayewahi siku zote ni mimi, maana nyumba yetu imepakana na ukuta wa hospitali. Na kwa kuwa maneno ya siri ya wenzangu ni siri, nami si mtu wa kuchungulia mambo ya watu, kompyuta zote huzifungua kwa jina langu. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mfumo unaamini niko madirisha yote kwa wakati mmoja. Jumatatu, ndani ya dakika moja, nilimsajili mtoto mwenye homa, nikampeleka mzee mwenye mvi wodi ya wazazi, na nikachapisha kadi za harusi. Mtoto nakiri ni kazi yangu. Mzee ni kazi ya Nyundo, mwenzetu wa dirisha la pili. Kadi ni kazi ya wifi yangu, dada wa mume wangu, dirisha la tatu. Yule mzee alikaa wodi ya wazazi mpaka chakula cha mchana na hakulalamika, lakini hilo ni suala la wauguzi.

2. Nyundo hakupewa jina hilo bure. Kompyuta ikichelewa kumjibu, huibamiza mpaka ikome. Kumbukumbu zinasema ni mimi niliyeomba faili moja mara nyingi hadi seva ikazimia. Fundi wako alikuja kuniuliza, kwa upole sana, kama nyumbani kuna amani.

3. Wiki iliyopita niliugua. Jana yake niliondoka nikitetemeka, sikufunga mfumo, na kesho yake kazi ikaendelea kwa jina langu. Nililetwa hapa nikiwa nimeshikiliwa na mume wangu. Kumbukumbu zinaonyesha nilijisajili mwenyewe, nikajiandikia umri wa mtoto wa chekechea, nikajipeleka wodi ya wanaume. Ofisi ya utumishi imekataa ruhusa yangu ya ugonjwa, ikiuliza ni mgonjwa gani anayechapa kazi asubuhi hadi jioni. Hata mimi nikizisoma kurasa zile naona nilikuwa na afya njema kabisa.

4. Hili linaniuma zaidi. Mtu fulani, kwa kompyuta ya dirisha la tatu, alitafuta mtandaoni namna ya kuishi na mume mkorofi. Fundi wako, ambaye hucheza bao na mume wangu, akampasha habari. Mume wangu sasa anaosha vyombo kimyakimya na kuniangalia kwa jicho la pembe. Nikijitetea, namwaibisha dada yake. Nikinyamaza, ndoa yangu inakwenda mrama kwa ugomvi wa nyumba nyingine.

Nimechoshwa, Ndugu Mkuu. Mashine yako ni mwongo mwenye mwandiko mzuri. Kwa hiyo naomba kumbukumbu zisitenganishwe kwa majina, bali kwa viti. Ikiwa viti haviwezekani, basi kwa uzito wa anayekalia. Nyundo mtamtambua bila shida. Hilo likishindikana, kila kidole kiwe na kumbukumbu zake, na viitwe kwenye kamati vile vilivyokosa tu. Na kama haya yote ni magumu, turudishie lile rundo letu la zamani, tulipokuwa tukikosea kwa pamoja kama familia na hakuna aliyeitwa popote.

Wasalimie mafundi wote, yule wa bao pia, na mama watoto wako. Seva nayo iambie sina neno nayo.

Wako mtiifu na asiye na hatia,
Msajili, Dirisha la Kwanza

Tanbihi: Kabla sijaifunga bahasha nimeitwa na Daktari Mkuu. Naye amezisoma kumbukumbu zile zile, na ameona kwamba karibu kila mgonjwa aliyeingia hospitali hii tangu mzitenganishe amesajiliwa na mtu mmoja, huku wengine hawajagusa kitu. Amenipa mkono kwa machozi na kuniteua Msajili Mkuu. Kwa hiyo tafadhali msibadilishe lolote. Mtambo unaona haki kuliko binadamu. Kikao cha Ijumaa kipo palepale, ila sasa wanaojieleza ni wenzangu, kwa uvivu, na nimeombwa nikiongoze. Nimekubali. Anayeanza kuitwa ni wifi yangu, hivyo naomba unitumie mapema kumbukumbu zake, ambazo nasikia ni karatasi tupu.