Udi Ndani ya Gari la Shee

Leo nimeaibika, na mashahidi ninao. Kwanza, mjukuu wangu Shee, mtoto wa binti yangu Fatma, mwenye gari. Pili, Bwana Lali, fundi wa magari pale Mokowe, ambaye mamake, marehemu Bi Rukia, tulisoma chuo kimoja cha Kurani. Tatu, Bi Zena wa Siyu, mama wa msichana tuliyemposea Shee. Wapakuzi wa jetini siwahesabu, ingawa nao nawajua mmoja mmoja.

Sisi wa Amu, kisiwani kusikopita gari, gari twaliweka ng'ambo Mokowe, kama mtu aliyeweka ng'ombe kwa jirani. Ukilitamani, wavuka kwa boti ukalitazame. La Shee ni lile refu la familia, la kupanda mchanga, na kila apatapo kitu hulivalisha. Ameliinua springi. Amelitia matairi manene na vioo vyeusi. (Nilimuuliza miguu hii yangu itapandaje huko juu. Akaninunulia kigoda.) Juu ya paa amefunga keria ya chuma ya kubebea mizigo. Lakini juzi alipotoka Mkokoni na papa mkavu, aliona keria itakwaruzika, akampakia papa juu ya viti.

Sasa leo Bi Zena alikuwa aenda Witu kwa dadake, nasi tukasema tutampeleka. Posa yetu ina miezi mitatu haijajibiwa. Nilijua mama huyu aja kututazama, na safari yenyewe ni kisingizio.

Nikafungua mlango wa gari, nikasema hapa posa imekufa. Papa alikuwa amekwisha shuka, harufu yake imekaa mbele kama dereva.

Shee alikuwa jetini angojea boti ya mgeni, funguo ameniachia. Mimi nilikuwa nimebeba chetezo changu, mkaa, na udi niliopika mwenyewe. Nguo ikinuka si twaifukiza? Twaifunika na moshi wake mpaka uingie. Gari nalo ni nguo ya Shee. Nikawasha mkaa, nikaweka chetezo chini, katikati ya viti, nikatia udi (kiganja kizima, maana papa alikuwa mkubwa). Nikapandisha vioo. Nikabonyeza vifungo vya milango yote ili mtu asifungue ovyo, nikashuka kwa mlango wa abiria, nikaufunga kwa nguvu.

Funguo ziko juu ya kiti. Ndani.

Nikakaa juu ya kigoda changu, nikamwomba Mungu asahilishe. Baada ya kitambo moshi ukaanza kutokea chini ya boneti na kwenye kila mwanya. Bwana Lali akaja mbio na spana mkononi.

"Bi Mwanaidi, gari laungua! Nani yumo ndani?"

"Hamna mtu. Ni udi."

"Udi huo una zulia ndani yake," akasema Lali.

Kweli, zulia lilikuwa limeshika. Lali akavunja kioo kidogo cha nyuma, akaingiza mkono, akafungua. Maji ya karibu yalikuwa ya barafu iliyoyeyuka kwenye kasha la samaki. Wapakuzi wakalibeba kasha lile wakalimwaga lote ndani ya gari, viti na zulia. Moto ukazimika. Papa sasa akawa amepata jamaa zake.

Mimi nikakumbuka chetezo. Ni cha mamangu, Bi Khadija. Nikapanda kigodani, nikaingiza kichwa na mabega katika moshi, napapasa chini ya kiti. Buibui langu likanasa kwenye gia. Sehemu yangu iliyobaki nje ilielekea jetini.

Hapo ndipo niliposikia sauti ya taratibu nyuma yangu.

"Asalaam aleikum, Bi Mwanaidi."

"Waaleikum salaam, Bi Zena," nikajibu, nikikiambia kiti. "Karibu. Wazima huko Siyu?"

"Wazima, alhamdulilahi. Nikusaidie, au wakutoe wao?"

Shee ndiye aliyeninasua. 

Tulikwenda Witu vioo vyote vimeteremshwa, Bi Zena ameketi juu ya gunia kavu. Ndia nzima alitazama nje. Nami nikatazama chetezo mapajani. Tulipofika, akashuka kwa kigoda, akajipangusa, akanigeukia.

"Bi Mwanaidi, mimi nilikuja nikiogopa. Watu wa mjini wana mambo yao, mtu hukupa mwanawe mchana na aibu zake ukazijua baadaye. Lakini nyinyi hamwezi kuficha hata moshi. Waleteni wazee wenu Ijumaa."

Shee akakaa chini pale pale mchangani na suruali yake nyeupe.

Basi ndivyo ilivyokuwa. Waliokuwapo, kama nimekosea nikosoeni. Lali adai makasha ya samaki yalikuwa mawili; mimi niliona moja. Na wewe Bi Zena, kama wamekutia katika kundi hili la simuni, nisahihishe pia. Ila nipigie simu, usiandike hapa.