Ndege wa Ukurasa wa Januari

Jumatatu, 8 Desemba
Tangu alfajiri nimelala kifudifudi kwenye tope la ziwa. Mgongo umekwisha. Yule ndege mdogo mwenye koo jekundu alitoka kwenye matete mara moja tu, akatua mbele ya jirani yangu Bunlue, mwenye lenzi ya kamera nene kama mchi. Kijana huyo akaninong'oneza: "Mjomba Prayun, punguza kuhema, unamtisha." Nimechoka naye.

Ijumaa watawa wanachagua picha za kalenda ya hekalu, ile inayotundikwa kila jiko hapa kijijini. Januari ya mwaka huu ilikuwa ya Bunlue. Mke wangu Saengduan hajaugeuza ukurasa ule mpaka leo. Anasema unampendeza. Miezi kumi na miwili nakula wali nikitazamwa na ndege wa Bunlue! Safari hii atazame wangu.

Jumanne, 9 Desemba
Nimeweka funza, kama afanyavyo Bunlue. Yeye huweka watano juu ya gogo. Mimi nilimwaga bakuli zima, nimpite. Wakaja kuku wa maji, ukoo mzima na wakwe zao. Nina picha mia mbili za kuku wa maji. Koo Jekundu alikuwa kwa Bunlue, akila watano wake kwa adabu.

Jumatano, 10 Desemba
Akili imenijia. Mama Thongbai huuza ndege langoni pa hekalu, kwenye vikapu vya mianzi, watu wawaachie huru wapate thawabu. Ni wa kahawia tu, hawana koo jekundu, lakini ndege ni ndege. Nitafungua kikapu kwenye matete, watue, nipige picha. Mama Thongbai akaniuliza thawabu hii namwelekezea nani. Nikajibu haraka: marehemu mama yangu. Mama anisamehe.

Alhamisi, 11 Desemba
Huwezi kumwachia ndege bila sala, hata mimi naogopa. Nikapiga magoti, nikafungua mlango, nikafumba macho, nikasali. Nilipofumbua, kikapu kitupu. Hata unyoya sikuupata. Nililia, kwa hasira na kwa baridi. Mchana nikapita langoni pa hekalu. Wote walikuwa juu ya paa la Mama Thongbai, wanangoja mtama.

Ijumaa, 12 Desemba
Januari ni ya Bunlue tena. Ila si ndege aliyempiga picha. Ni mimi! Nimepiga magoti kwenye matete, macho nimefumba, machozi shavuni, ndege wanaruka kutoka kikapuni. Bunlue alikuwa nyuma ya turubai lake la kujifichia muda wote, mshenzi yule. Mkuu wa hekalu alitangaza mbele ya watu wote kwamba siku nyingi hajaona moyo safi namna hii. Nikainamisha kichwa. Saengduan alinishika mkono njia nzima. Akasema, "Baba Kaeo, mimi nilidhani mama umeshamsahau." Niliona haya. Kwa muda.

Jumamosi, 13 Desemba
Nimeitazama picha tena kwa makini. Shati lina tope, na kitambi kimejitokeza. Haifai. Nimemwomba Mama Thongbai aniwekee vikapu viwili. Kisha nikamdokezea Bunlue, kama mtu anayejisemea tu, kwamba kesho alfajiri nitakuwa palepale nalia, nimeelekea upande wa kushoto, na shati la bluu.