Ndegevita Zangu Safi

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Tonge ameinywesha ndegevita maziwa sasa hivi, kijiko kwa kijiko. Ameifuta mdomo kwa gauni lake, akaipigapiga mgongo ilale. Ana miaka miwili, mwanangu. Ndege yenyewe ni ya plastiki, inaenea kiganjani, imepakwa rangi tangu kiwandani, ina vibomu chini ya mbawa. Nimemnyang'anya taratibu. Ni mali ya biashara.

Biashara ni hii. Fundi saa, mwenye kibanda ubavuni mwa duka la dobi ninapofua, anakusanya ndegevita za mfano, yeye na wazee wenzake. Anasema za chuma bei yake haishikiki. Za kuunganisha na kupaka rangi mwenyewe zinataka macho makali na mikono isiyotetemeka, na hivyo vyote wenzake walishaviaga. Wanataka plastiki, rangi tayari, bei ya mtu wa kawaida. Hakuna anayewaletea. Nikamwambia yupo, ni mimi. Nimevunja kibubu, nimeagiza katoni nzima. Jumamosi wanakuja kuziona. Wakizipenda, mimi ndiye mletaji wao. Naacha kufua, nashinda nyumbani na Tonge.

Sababu sijamwambia mtu. Juzi nilirudi kazini nikamkuta kapakatwa na wifi yangu, anamwita mama. Wifi akacheka, akasema mtoto humwita hivyo anayemwona. Hakusema kwa ubaya. Ndiyo maana imeniuma.

Jumanne, tarehe 4

Nimezikagua zote. Balaa. Chafu kabisa. Masizi kwenye mbawa, mafuta yametiririka tumboni, moja ina matope magurudumuni. Aliyeniuzia kaniona mshamba. Wifi akachungulia, akauliza kama zimetoka vitani au zimetoka gereji. Nikamwambia acheke tu, anaongea na dobi.

Jumatano, tarehe 5

Nimefua ndege. Maji ya vuguvugu, sabuni ya unga, mswaki wa zamani. Masizi yakagoma. Nikaleta dawa ya madoa ya kazini, ile ya kola za mashati. Yakalegea. Nimezianika kambani kwa vibanio, mkia juu. Tonge kazipungia mkono moja moja.

Nikakaa kizingitini nikaziangalia. Zile kubwa zikipita juu ya nyumba, mama anambeba mtoto anakimbia. Hizi zangu zinadondosha maji tu. Labda ndiyo maana wazee wanazipenda hivi zilivyo ndogo. Unaishika nzima mkononi, unaigeuza, na haiwezi kumfanya mtu chochote.

Jumamosi, tarehe 8

Wamekuja. Wameketi. Nikafunua kitambaa.

Mmoja wao, dereva mstaafu, akavaa miwani, akaivua, akaivaa tena. Akaniuliza kwa upole, binti yangu, masizi yako wapi? Nikajibu kwa fahari kwamba nimeyatoa yote. Fundi saa akashika kichwa.

Kumbe uchafu ule hupakwa kiwandani, kwa brashi nyembamba, kuonyesha kwamba ndege imeruka, imepigana, imerudi. Ndio wanaoulipia. Dereva akasema hizi zangu zimependeza, lakini zinaonekana hazijawahi kwenda popote, kama suti ya bwana harusi. Wakacheka mpaka mmoja akakohoa. Wifi alicheka kuwazidi, na yeye hakusanyi chochote.

Hawakununua hata moja.

Fundi saa alibaki nyuma. Akasema mama Tonge, hawa wamesubiri miaka, hawashindwi kusubiri wiki. Niagize tena chache, atachangia. Sharti ni moja: nizilete kama zilivyo, boksi lisifunguliwe, nisiguse. Akarudia nisiguse, kwa sauti ninayomwambia nayo Tonge kuhusu jiko. Nikaapa.

Wifi akanisaidia kukunja kitambaa. Hakucheka tena. Akasema Tonge hushinda dirishani akiniulizia, na ikifika jioni huchoka kuulizia, basi huita yeyote aliye karibu. Akasema nisikate tamaa, ila niache kufua visivyovaliwa.

Jumatatu, tarehe 17

Maboksi yamefika. Sijagusa. Nimeyapanga juu ya kabati, nikaenda kuosha vyombo. Nikarudi kuyaangalia tu. Kila boksi lina kidirisha cha nailoni. Kwenye la juu, rubani kakaa upande, kama abiria aliyesinzia. Wazee wakiona hivyo itakuwaje? Fundi saa alikataza kufungua, ni kweli, lakini hakujua habari za rubani. Angejua angeniambia nimnyooshe.

Nimekata utepe kidogo tu, kwa wembe. Nimemnyoosha. Kichwa kimebaki mkononi. Si neno, gundi ya viatu ipo. Nikachungulia na mengine. Marubani wote wameinamia upande mmoja, kiwanda kizima hakina umakini. Nimewanyoosha wote, na vichwa vyote nimevirudisha kwa gundi, vinatazama mbele kama wanafunzi mbele ya mwalimu mkuu. Nikishabandika utepe, hakuna atakayejua. Safari hii nimefikiria kila kitu. Wiki ijayo naaga kwa dobi. Tonge kanilalia begani, kanikumbatia shingo, na sitaki kuinuka.

Wifi anaita. Anasema fundi saa yupo mlangoni na wazee wake wote, wanaulizia maboksi yao. Nimemwambia awape viti kwanza, maana gundi bado haijakauka.